Piruza Tirandaz na Neno Aeshma

Wasikilizaji wapendwa, leo ni siku ya tatu tangu Piruza Tirandaz wa Sharifabad atutoke. Kesho kukipambazuka, kama dini yetu inavyofundisha, roho yake itavuka daraja la kwenda ng'ambo ya pili. Ndiyo maana habari hii haiwezi kungoja.

Piruza alijua kusoma akiwa na miaka arobaini, mama wa watoto watano. Kisha akajifunza herufi za Avesta, maandiko yetu matakatifu ya kale. Kwa miaka kumi na mmoja alifuatilia neno moja tu: aeshma, yaani hasira. Sisi sote tulilitamka katika sala. Hatukuuliza maana.

Mdogo wake, Hormazdyar, alimcheka jikoni.

"Dada, dengu zinaungua, nawe unafukuza neno lililokufa!"

"Limekufa? Jana ulipompiga punda teke lilikuwa hai sana."

Binti yake, Morvarid, anakumbuka: "Mama alijaza daftari nne. Alisema tunadhani aeshma ni pepo mwenye rungu la damu, anayetujia kutoka nje. Kumbe asili ya neno ni kukurupuka. Mtu mwenye hasira ameondoka mbio, akili yake ameiacha nyumbani."

Hormazdyar aliziazima daftari hizo kwa wiki mbili. Mwaka uliofuata, kwenye karamu ya gahambar, sikukuu yetu ya majira, tukigawiwa lozi na zabibu kavu, alisimama na kijitabu kilichopigwa chapa. Jaladani palikuwa na jina lake. Jina lake peke yake.

"Matunda ya utafiti wangu," alisema, kisha akatusomea kijitabu chote.

Tukapiga makofi. Hata mimi nilipiga, ingawa daftari zile nilikuwa nimeziona kwa macho yangu.

Piruza akasimama. Kabla hajasema neno, Hormazdyar akatabasamu.

"Dada, tulia. Aeshma amekupanda!"

Watu wakaangua kicheko.

"Sijakurupuka, Hormazdyar," alisema Piruza. "Nimekusikiliza mpaka ukurasa wa mwisho, nikingoja unitaje."

Hakuna aliyemtetea. Alijifunga kitambaa chake, akaenda zake. Hakuhudhuria gahambar tena.

Tunawapa pole Morvarid na nduguze. Tunampa pole pia Hormazdyar, aliyetupigia simu asubuhi akiomba kijitabu kisitajwe.

Wasikilizaji wapendwa, kijitabu hicho kimo majumbani mwenu. Tafakarini, kisha chukueni kalamu. Andikeni jaladani: Piruza Tirandaz. Narudia: Piruza Tirandaz. Mimi nimechelewa miaka tisa kulisema.