Mafuta Aliyopika Mkewe

Ndani ya basi la Likoni, Chirau alimweleza Bi Kadzo, mama mtu mzima aliyeketi naye, jambo asilomweleza hata nduguye. Hospitali walimtoboa tumbo, choo kikawa kinatokea hapo na kuingia katika mfuko uliobandikwa. Sasa ngozi imebabuka, ingawa huipaka mafuta ya nazi.

“Marehemu mume wangu alikuwa hivyo hivyo,” alisema Bi Kadzo. “Mafuta hufanya mfuko usishike, choo kikavuja, kikaichoma ngozi. Osha kwa maji matupu, ikauke kabisa, ndipo ubandike.”

“Mke wangu huyapika mwenyewe, bibi. Nikiyakataa, atabaki na lipi la kunifanyia?”

“Akuoshe.”

Basi likasimama kivukoni. Chirau alibaki ameketi. Tangu atoke hospitali, mkewe hajaliona tumbo lake.