Chimi Lhaden, Aliyewafundisha Watu wa Mfalme Kuchagua

Tarehe 30 Juni 2025, Bi Chimi Lhaden anakabidhi funguo za ofisi yake ya uchaguzi hapa wilayani Trongsa, katika ufalme wetu wa milimani, baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi. Nimeagizwa niandike kwa kifupi. Nitajaribu, ingawa mwenyewe hajawahi kuongea kwa kifupi tangu nimfahamu.

Aliajiriwa mwaka 1990 akiwa karani wa wilaya. Enzi hizo kazi ilikuwa nyepesi: amri ya Mfalme inafika, inasomwa, watu wanainama, wanakwenda kutii. Kisha Mfalme mwenyewe akaanza kujipunguzia madaraka, kidogo kidogo. Kwanza aliwaachia mawaziri kuendesha serikali, halafu akaagiza katiba iandikwe, hatimaye akataka wananchi wachague viongozi wao. Kwingine watu huyadai hayo kwa mawe. Sisi tulilia tukimsihi asituache.

Dada Chimi ndiye aliyetumwa kuzunguka vijijini, mashine ya kura juu ya farasi, akilala popote na kumaliza pilipili za wenyeji wake bila haya. Mwaka 2007 tukafanya uchaguzi wa majaribio, vyama vya kubuni tu, kila kimoja na rangi yake. Kijijini kwao karibu wote walibonyeza njano, kwa kuwa njano ndiyo rangi ya skafu ya Mfalme. Wakubwa walifurahi kwamba shughuli imekwenda bila fujo. Yeye alinuna siku nzima. Alisema watu wake hawakuchagua, wametii tu, na wakiendelea hivyo katiba itabaki karatasi.

Kinara wa njano alikuwa baba yake mzazi, mzee Wangda, mfugaji. Alikwisha kutangaza kwamba katika uchaguzi wenyewe hatakanyaga kituoni, maana Mfalme ni baba, na baba hajiuzulu ubaba. Jambo hilo lilimuuma sana bintiye. Kumbembeleza aje aliruhusiwa. Kumwambia amchague nani, marufuku.

Machi 2008 mzee akaja, vazi lake bora mwilini na skafu begani. Akasimama mbele ya binti yake, foleni nzima ikisikia, akauliza Mfalme anataka kitufe kipi.

"Baba, Mfalme hapigi kura," akamjibu. "Hili amekuachia wewe."

Mzee akaingia kwenye chumba cha kura, akakawia humo ndani mpaka watu wakaanza kunung'unika. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu.

"Kumbe huu ndio mzigo aliokuwa akiubeba peke yake," akasema, akaenda zake bila kugusa hata chai.

Uchaguzi uliofuata hakubembelezwa na mtu. Alifika kabla hatujafungua mlango, akapiga kura, akatoka akicheka na kutangaza kwamba wale aliowaweka amewatoa, na leo atalala usingizi mzuri. Dada Chimi alimkemea kwamba kura ni siri, akamshika mkono akamtoa nje. Kisha akageukia ukutani akafuta machozi, na sisi tukajifanya tunapanga viti.

Dada Chimi, tunajivunia wewe na tunasema bila aibu. Ahsante kwa kila kijiji ulichokipanda kwa miguu. Kapumzike, ulime pilipili zako, Mungu akupe afya na siku za raha. Katika uchaguzi ujao utapanga foleni kama raia wengine, na sisi uliotufundisha kazi hatutathubutu kukuambia umchague nani.