Vipimo vya Mzee Pindo

Benchi la pale kona, kati ya duka la kushona na karakana ya kuchomelea, halijawahi kumzaa mwenye akili. Wanaokaa hapo hunywa kahawa mpaka masikio yapate moto, ndipo waanze kusema. Siku hiyo walikuwa watatu: Mzee Pindo, fundi cherehani; Cheche, wa kuchomelea; na Karani, mstaafu asiyejua kutengeneza chochote, kwa hiyo ndiye mwenye ushauri mwingi. Mbele yao ilisimama pikipiki mpya, ndefu, nyeusi, tangi limevimba kama shavu la mtoto aliyeshiba. Nailoni ya dukani ilikuwa bado kwenye siti.

Pindo aliitamani tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Akishona sare za watoto wa watu, mguu kwenye pedeli, alijiona anakwenda. Kila jioni alisimama palepale alipoketi asubuhi. Sasa imekuja, na mgongo umeshajikunja. Ndiyo maana alitaka usukani ukatwe, uchomelewe upya, upande mpaka usawa wa mabega yake. Asubuhi alijifungia dukani, akajipima kwa tepu, akaandika. Karatasi ilikuwa kwa Cheche. Kahawa ikiisha, msumeno unaingia kazini, na chuma hakifumuliwi kama pindo la suruali.

Karani akasema mabegani ni chini mno. Usukani upite masikio, damu ya mikononi irudi yenyewe, moyo upumzike.

— Wako umepumzika tangu ukiwa ofisini, akasema Cheche.

Yeye alitaka siti ishushwe, nusura iguse lami.

— Ikilala hivyo, mzee wangu, barabara ndiyo inayokwenda. Wewe umetulia tu.

Pindo akafumba macho. Akaona miti inampita polepole, na vilima, na nyumba zenye watu wasiojua kwamba yeye hupunguza suruali. Upepo ulimwingia kwenye mikono ya shati. Kikombe kikapoa mkononi.

Karani, ambaye hapendi kupitwa, akaongeza kwamba bomba la moshi likirefushwa hatua mbili, mlio hubaki nyuma. Mtu anafika kabla hajasikika. Cheche akasema hilo dogo. Pikipiki iliyotulia namna ile huzoea njia, mwenyewe akasinzia, ikamrudisha nyumbani.

— Nani kasema nataka kurudi? akasema Pindo, macho bado kayafumba.

Alipofumbua macho, mkewe alikuwa amesimama mbele yake, kanga kiunoni. Alimpokonya Cheche karatasi, akaisoma: kifua, kiuno, unyayo hadi bega.

— Mume wangu, hapa ulijipima umesimama au umekaa?

Karani akachungulia ndani ya kikombe chake. Cheche akatazama msumeno kana kwamba ndio ulioulizwa. Pindo akashika tepu iliyoning'inia shingoni. Maisha yake yote amepima watu wamesimama. Suti hupimwa hivyo.

— Panda, akasema mkewe.

Akapanda. Nailoni ikalia chini yake. Mkewe akachomoa tepu shingoni mwa mumewe, akaibana ncha moja chini ya unyayo wa mzee, pale kwenye kikanyagio, akaivuta juu mpaka ile namba ya bega. Kidole chake kikasimama juu ya utosi wa Pindo. Pindo akanyoosha mikono kuifuata namba, akaning'inia hapo kama shati kwenye kamba ya kuanikia.

— Ishushe hiyo mikono. Iache ianguke yenyewe.

Mikono ikaanguka. Ikatua juu ya usukani kama ulivyokuja kutoka dukani, wala haikutafuta. Mgongo wake uliokunjwa na cherehani ukakaa sawasawa na tangi. Akafumba macho tena.

Cheche akaichukua karatasi kwa mama, akaiviringisha, akazibia chupa ya kahawa.

— Haya, nenda, akasema mkewe. Ufunguo wa duka niachie.