Saba ya Nini?

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa karakana ya makochi, mguu mmoja umekatika ukawekewa tofali, na anayekaa upande huo anaombwa asicheke sana. Kahawa inatoka kwenye birika la Shangazi, ambaye hana undugu na mtu yeyote pale, lakini anawagombeza wote kama watoto wa kaka zake. Jioni hiyo wateja walikuwa watatu. Kulikuwa na Karani, aliyepanga mafaili ya hospitali miaka ishirini na minane akastaafu, ila mdomo wake bado uko kazini. Kulikuwa na Presha, dereva wa lori, aliyekwenda kupimwa macho kwa ajili ya leseni akarudi na ugonjwa wa presha ambao hajawahi kuusikia mwilini hata siku moja. Wa tatu alikuwa Kochi, fundi mwenye karakana, ambaye ubavu wake wa kushoto ulikuwa haumpi usingizi mwezi wa nane sasa. Ametoka hospitali, bahasha ya kahawia iko mapajani, na nyumbani hataki kwenda.

— Wamesema nini? akauliza Karani.

— Safi.

— Vyote?

— Vyote. Damu safi, mkojo safi, picha safi.

Shangazi akamshukuru Mungu. Kochi akamtazama kwa uchungu, maana yeye njia nzima ya kwenda hospitali alikuwa akimwomba Mungu huyo huyo wamwone na kitu. Si kitu kikubwa cha kuua mtu, kidogo tu, chenye jina. Mwanzoni mkewe alikuwa akimkanda ubavu kwa taulo la maji moto kila usiku. Majibu ya pili yalipotoka safi, taulo likabaki kwenye kamba. Ya tatu yalipotoka safi, akamuuliza kwa upole, na upole ndio uliouma, kama labda amechoka tu na kazi. Kilichobaki ni mtungi wa gesi. Bado alikuwa anaubeba mwenyewe kutoka dukani ili mume asiinue kitu kizito, lakini siku hizi anautua kwa kishindo ili asikie.

— Mficha maradhi, kifo humuumbua, alisema Karani kwa ukali.

— Nimeficha wapi? Nimevuliwa shati mara nne. Maradhi ndiyo yanajificha.

— Basi hayapo. Mashine haina mjomba. Isichokiona hakipo.

Presha akapinga. Alivyoona yeye, maradhi ya Kochi yana akili kuliko mwenyewe: yanaijua barabara ya hospitali, na yakiona koti jeupe tu yanateremka.

— Yanashuka getini, yanakungoja kwa muuza maji. Ukitoka, mnapanda tena wote.

— Basi wampime muuza maji, akasema Kochi.

— Usidharau. Haba na haba hujaza kibaba.

Hakuna aliyejua kibaba kimeingilia wapi, lakini Presha alipiga funda la kahawa kama mtu aliyefunga kesi. Shangazi naye akaleta lake. Mafundi wa makochi hubana misumari midomoni wakigonga, na yeye kwa macho yake alishamwona Kochi akipiga chafya nayo.

— Umemeza mmoja. Nilikukanya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Bora lingevunjika, Shangazi. Guu likivunjika linaonekana. Watu wanakupisha mlangoni.

Hapo Karani akainamisha kichwa, akaanza kusema kwa sauti ya chini kama anayetubu. Mafaili huanguka, alisema. Yakianguka, karatasi zinatawanyika, na anayeokota anarudisha kwa kukisia. Kisha akauliza Kochi siku ya kwanza kabisa alikwenda hospitali na nani. Kochi akajibu kwamba alipewa lifti na Presha. Walikaa benchi moja, kadi zao zikawekwa pamoja. Wote wakamgeukia Presha, aliyenawiri, shavu limejaa biskuti.

— Wewe unaumwa wapi? akauliza Karani.

— Siumwi popote.

— Unaona? Huo ni wa mwenzio.

— Ugonjwa wangu ni wangu, alisema Presha, akifunika mfuko wa shati wenye kadi yake. Una namba, una dawa za asubuhi na jioni. Tangu niupate, nikilala redio inapunguzwa, na mama watoto hanigombezi. Kochi atafute wake.

Wakacheka, na Kochi akacheka nao. Kicheko kikampiga ubavuni, akajikunja, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Akamwonea Presha wivu, wivu wa kweli, kama wa mtu aliyenyang'anywa kiwanja.

Akatokea mama mmoja mtu mzima, mgeni kijiweni, amebeba kiti kilichochanika. Karani akamweleza kwamba fundi ni mgonjwa, ila hospitali imesema si mgonjwa, kwa hiyo kiti akiache tu. Mama akakitua, akakikalia, akamwangalia Kochi.

— Unaumwa nini, mwanangu?

— Hawajaona kitu, mama.

— Sijawauliza wao. Wewe unasikiaje?

— Saba.

— Saba?

— Saba kwa kumi. Juzi ilikuwa sita.

— Saba ya nini?

Kochi akafungua kinywa. Maneno aliwahi kuwa nayo. Siku ya kwanza aliyapanga usiku kucha, akayapeleka kwa daktari kijana ambaye foleni yake ilifika getini. Hakuwa amefika mbali yule kijana akainua mkono, wala si kwa ubaya, akasema ampe namba tu, kumi ikiwa maumivu yasiyovumilika. Kwa daktari wa pili ikawa hivyo hivyo. Kwa wa tatu aliitoa kabla hajaombwa. Sasa aliyatafuta yale maneno yake asiyaone. Akachomoa picha nyeusi kwenye bahasha, akampa mama.

— Hii ni picha, mama alisema. Mimi nimekuuliza wewe.

Karani akatazama viatu vyake. Presha akamtazama Shangazi, na Shangazi akainamisha birika hadi mwisho, likatoa matone mawili na machicha.

— Kahawa imekwisha, alisema, kama vile yeye ndiye aliyeulizwa.

Simu ya Kochi ikaita. Alikuwa mkewe.

— Wamesema nini?

— Wamesema niko safi.

Bomba la maji lilisikika likitiririka huko.

— Haya. Basi ukirudi, pitia dukani ubebe mtungi wa gesi.

Aliubeba begani. Katikati ya njia ubavu ukaamka, na maneno yakaja yote kwa pamoja. Akayasema kwa sauti, peke yake barabarani: unavuta, kama kitambaa kinavyovutwa juu ya fremu mpaka uzi uanze kukatika, halafu mtu anaendelea kuvuta. Akayarudia mpaka mlangoni ili asiyasahau, akautua mtungi polepole, bila kishindo. Mkewe akatoka jikoni akifuta mikono, akautazama mtungi, akamtazama yeye.

— Umeona? Kumbe unaweza.