Mama Jino na Mkanda Ulioruka

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya magari, Mama Jino anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Wageni wasishangae jina. Meno yake yote yapo. Gari lolote likiletwa linakohoa, swali lake la kwanza ni kama mkanda wa taimingi umeruka jino, maana ukiruka hata moja tu, vali na pistoni hazisikilizani tena.

Alianza kwa kuosha vipuri, akawa fundi, kisha msimamizi wa zamu. Ni msemaji, tena hana breki. Dereva aliyembembeleza amrudishie mkanda uliochakaa aliambiwa jino la pembe si dawa ya pengo, akafungiwa mpya na mawaidha juu yake.

Mimi mtunza stoo nina langu la kusimulia. Jumapili moja alikuja kwangu kunibadilishia mkanda wa gari langu, lililokuwa likitetemeka. Mama mkwe wangu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kesho yake asubuhi alitakiwa hospitali ya mbali kwa upasuaji. Akikosa nafasi ile, angerudi mwisho wa foleni aliyoisubiri mwaka mzima. Usafiri wetu ulikuwa gari hilo hilo.

Mama Jino alitia alama za rangi nyeupe kwenye mkanda wa zamani, akazihamishia kwenye mpya, akafunga. Injini ikawaka, ikatetemeka vilevile. Akabadilisha plagi, wapi! Akalaumu kichujio, akalaumu petroli, nusura anilaumu na mimi. Hofu ilinishika, nikaanza kuwaza nitamwambia nini mke wangu.

Ndipo mama mkwe, aliyekuwa kitini mlangoni akisikiliza tu, akauliza kwa upole mbona leo hajalisikia lile swali la jino ninalolisimulia nyumbani kila siku.

Mama Jino akainama tena kwenye injini, akajiuliza swali lake mwenyewe. Mkanda wa zamani ulikuwa umesharuka jino kabla hajautia alama, naye kwa uangalifu wake wote alikuwa ameuambukiza mpya ugonjwa uleule. Alimwambia mama mkwe waziwazi kwamba kosa ni lake, akamwomba radhi, akafungua upya na kufuata alama zilizochongwa kwenye chuma chenyewe. Kabla jua halijazama injini ilitulia.

Jumatatu aliwakusanya mafundi akajisema mwenyewe kama anavyotusema sisi. Tangu hapo hakuna anayenakili alama za mkanda wa zamani bila kuzihakiki kwanza.

Mama Jino, ahsante kwa kazi, na kwa kutugombeza tulipostahili. Tunakuombea mapumziko marefu, afya njema na wajukuu wa kukuchosha kwa raha. Pokea pia salamu za mama mkwe: wasifu huu ameusoma mwenyewe kabla haujachapwa, akanisahihishia maneno mawili niliyokosea.