Aliyepima Silinda ya Tatu

Ndugu wafiwa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, kabla sijaanza nawaomba radhi kwa jambo moja. Kwenye karatasi mlizogawiwa mlangoni, mbele ya neno "kazi", imeandikwa kwamba marehemu alikuwa mama wa nyumbani, maneno hayo niliyapeleka mimi mwenyewe kwa mpiga chapa juzi, na binti yetu mkubwa, ambaye ndiye aliyepangwa kusoma historia hii, alipoyaona alinirudishia karatasi akasema, "Baba, uongo huo usome mwenyewe." Ndiyo maana nimesimama mimi, mumewe, na nitasoma niliyoyaandika upya leo asubuhi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, mtoto wa pili na binti pekee wa fundi wa mashine za kusaga nafaka, na kwa kuwa mama yake alifariki mapema, alikulia miguuni pa baba yake, katika chumba cheupe kwa vumbi la unga, akajua jina la kila spana kabla hajajua kusoma. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha mwaka 1977 akaingia chuo cha ufundi kusomea injini za magari, msichana peke yake katika darasa la watu ishirini na wawili, na alipohitimu Novemba 1979 alikuwa wa kwanza. Cheti chake kilikaa miaka yote chini ya godoro, kwa sababu ukutani nilitundika changu, cha daraja la tatu.

Januari 1980 aliajiriwa katika karakana ya kampuni ya malori, akanikuta mimi nikiosha vipuri kwa mafuta ya taa, na yeye ndiye aliyenifundisha kushika maikromita, kile kifaa cha kupimia unene wa vipuri, bila kuikaba kama shingo ya kuku. Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 5 Desemba 1981, tukajaliwa watoto watatu na wajukuu watano. Mwaka 1986 tulifungua gereji yetu, nikaandika jina langu kwenye kibao, na wateja waliomwona akitoka nyuma na birika wakamwita Mama Chai, nami nikacheka pamoja nao, ilhali nyuma ya rundo la matairi yeye ndiye aliyepima, akachagua na kufunga pistoni, mimi nikikabidhi funguo na kupokea asante.

Wenye mifuko mitupu aliwaonea huruma ya pekee, akisema, "Injini iliyochoka haijafa," akaenda kutafuta pistoni kwenye injini zilizotupwa, akazikagua moja moja kama zina ufa, akazipima uzito kwenye mizani yetu ya jikoni mpaka apate nne zinazolingana, maana zikipishana uzito injini hutetemeka kama mgonjwa wa homa.

Machi 1994 ililetwa kwetu pikapu moja iliyochoka, mwenyewe akiwa mchuuzi wa mbao, na gari hilo ndilo lililokuwa likilisha nyumba yake. Marehemu alipima silinda zote, akaniambia silinda ya tatu imeliwa upande mmoja hadi imekuwa kama yai, iwekwe bushi mpya, yaani bomba la chuma linalovikwa ndani ya silinda, na kwa kuwa mteja hana uwezo, yeye angemtafutia pistoni zilizotumika zinazoifaa injini ile. Mimi nilikuwa nimeshajigamba mbele ya watu kwamba Jumamosi gari litawaka, nikanunua pistoni mpya za saizi ya mwanzo nikazitumbukiza katika silinda zilizolika. Aliniambia, "Baba watoto, pistoni hiyo itacheza mle ndani kama mwiko kwenye sufuria." Nikamjibu, "Hapa gereji ina fundi mmoja."

Wiki ya tatu pikapu ilirudi ikivutwa kwa kamba, imetoa moshi wa buluu njia nzima na kuzimika mlimani na shehena ya mbao, na mchuuzi akasema mbele ya wateja sita, "Fundi, injini yako inakunywa oili kuliko petroli, na nyumbani kwangu jiko limepoa." Nikamjibu, "Silinda ya tatu alipima mama watoto, si unajua wanawake na vipimo." Marehemu alikuwa hatua nne kutoka pale, akiosha bolti kwenye beseni, alisikia kila neno, wala hakuinua uso. Kwa siku nne aliifungua injini ile upya, akaifunga kama alivyokuwa amesema tangu mwanzo, ikatembea miaka kumi na moja, na mchuuzi alipokuja kushukuru, alinishukuru mimi, nikapokea.

Juni 2019 alianza kusumbuliwa na figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, bila manung'uniko. Siku mbili kabla hajatutoka aliniuliza, "Yule wa mbao, ulikuja kumwambia?" Nikamwambia, "Nilimwambia zamani." Akanishika mkono, akasema, "Afadhali." Sikuwa nimemwambia. Alifariki Jumatano tarehe 9 Februari 2022, saa tano asubuhi, akiuamini uongo wangu.

Mwenye mbao, nakuona hapo mstari wa pili, umekuja kunipa pole, basi sikia: alipima sawa, aliyekuharibia ni mimi, na aliyekutengenezea ni yeye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliopokezana zamu ya kumpeleka hospitali, na mafundi wenzetu wa mtaa mzima waliofunga milango yao leo, ambao baadhi yao, niliambiwa jana, walikuwa wakipita mlango wa nyuma kumwuliza yeye na si mimi.

Mke wangu, umeondoka kabla sijakuambia ukweli, nao nimeusema mbele ya watu huku wewe husikii. Sidai unisamehe. Pumzika kwa amani, fundi.