Hatua Kumi na Mbili Bila Besi

"Yah: Kusitishwa kwa Upulizaji wa Tarumbeta la Besi kwa Hatua Kumi na Mbili Mbele ya Jukwaa Kuu." Hicho ndicho kichwa cha barua pekee ya kikazi ambayo marehemu Alfonsi Mchopa aliitunza, ikiwa imekunjwa pamoja na cheti chake cha ndoa, na kwa kuwa familia tumeikuta juzi tukitafuta nyaraka za msiba, tunaomba tuanze nayo, halafu tutairudia.

Mpendwa wetu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 katika kijiji cha Mnyambe, wilayani Newala, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, shule iliyokuwa na bendi ya watoto wanne tu, kiasi kwamba siku Alfonsi alipolala na malaria wimbo wa asubuhi ulishindikana, mwalimu akamfuata nyumbani, si kumpa pole, bali kumwuliza atapona lini.

Tarehe 1 Julai 1982 aliajiriwa hapa Dar es Salaam katika bendi kubwa ya taasisi moja, watu sitini na wawili wenye vifungo vya dhahabu, wakiwamo wapiga besi wanane waliopangwa kwa kulingana kimo. Kazi aliipenda, viatu vyake vilimulika, lakini nyumbani alikuwa akisema kwamba pale hata akidondoka katikati ya safu, wimbo utafika salama bila yeye.

Tarehe 7 Novemba 1987 alifunga ndoa na Bi Anjelina katika parokia yao huko Temeke, wakajaliwa watoto watatu, Petro, Recho na Fransis. Bi Anjelina alishikilia kwamba anaweza kuitambua besi ya mumewe kati ya zote nane, mumewe akimcheka, mpaka gwaride la Jumamosi, tarehe 17 Juni 1995, besi moja iliponyamaza mbele ya jukwaa. Mkuu wa bendi hakusikia, wageni rasmi hawakusikia, wenzake saba kwenye mstari hawakusikia. Bi Anjelina alisimama kwenye viti vya familia akapaza sauti, "Jamani, mume wangu kanyamaza, ana nini?" na mama aliyekaa nyuma yake akamvuta kitenge, "Mama Petro, lundo lote lile utamjuaje? Kaa bwana, unatuziba." Hakukaa, na kwa kuwa mama aliyesimama huonekana haraka kuliko besi iliyonyamaza, afisa mmoja akaandika taarifa, na marehemu akaandikiwa ile barua ya hatua kumi na mbili.

Iliundwa kamati ya watu watatu, ikakaa vikao vinne, ikapokea maelezo ya marehemu kwamba kitufe cha pili kilinasa, ikakikagua kitufe, ikakikuta kizima, ikapendekeza kiendelee kuchunguzwa. Marehemu alistaafu tarehe 31 Agosti 2016, jalada likiwa bado wazi.

Hapo akahamia Chanika, akajiunga na matarumbeta ya harusi ya Bwana Shomari, watu watano waliopanda nyuma ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo: matarumbeta mawili, trombone, ngoma na besi yake. Mwaka 2018 mvua ilimchelewesha kwenye harusi moja ya Kimara, akakuta maharusi wamesimama getini, MC kaishiwa vichekesho, na Bwana Shomari akamwambia mbele ya watu wote, "Shikamoo mzee, lakini usitufanyie hivi, sie bila wewe ni kelele tu." Marehemu alirudi nyumbani kalowa chapachapa, akalisimulia karipio hilo wiki nzima kama mtu aliyepewa nishani.

Mwaka 2022 mapafu yalianza kumsumbua, na Agosti 2023 daktari akamkataza kabisa kupuliza. Bwana Shomari hakuweka mtu mwingine, walibaki wanne, wakiiacha nafasi yake wazi kwenye kirikuu na kwenye wimbo, na kila walipopita kwenda harusini marehemu, akiwa kibarazani, aliijaza kwa vidole juu ya goti lake. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa kumi jioni, hospitalini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, ambaye alijua kabla ya wote, akamgeukia muuguzi akasema, "Kanyamaza."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa Chanika ambao hawajatuacha tangu Jumanne, na wenzake wa bendi zote mbili, ile ya sitini na wawili iliyoleta shada, na ile ya watano, ambayo leo itapiga kaburini ikiwa na watu wanne, na sehemu ya besi haitajazwa na mtu.

Mwisho, Mama Petro ametuagiza tulifunge lile jalada, kwa sababu wiki mbili kabla ya kututoka marehemu alimweleza ukweli. Pumzika kwa amani, Alfonsi. Kitufe hakikunasa. Uliacha kupuliza kwa makusudi, ujue kama kuna atakayesikia kwamba hupo, na mkeo alisikia.